Opsheni za hisa: Bima kwa mwenye mali, bahati nasibu kwa asiye nayo

Na Mwandishi Wetu

TAKWIMU zilizotolewa Septemba 2024 na SEBI, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji nchini India, ziliwashtua wengi wanaofuatilia masuala ya fedha.

Kwa mujibu wa takwimu hizo, kati ya kila wananchi 100 wa kawaida waliofanya biashara ya opsheni na mikataba ya bei za baadaye katika miaka mitatu ya fedha iliyoishia Machi 2024, wananchi 93 walipata hasara.

Walioingia katika biashara hiyo walikuwa zaidi ya milioni 10. Hasara yao kwa jumla ilizidi rupia trilioni 1.8. Kwa wastani kila mmoja alipoteza karibu rupia laki mbili, gharama za udalali zikiwemo.

Wengi wao hawakuwa matajiri. Zaidi ya asilimia 75 walikuwa wameeleza kuwa kipato chao ni chini ya rupia laki tano kwa mwaka, na asilimia 43 walikuwa vijana wenye umri wa chini ya miaka 30.

Msomaji anaweza kuuliza, habari za India zinamhusu nini mkulima wa mahindi wa Mbozi, au mwenye duka la vifaa vya ujenzi wa Tandika?

Zinamhusu kwa sababu biashara hiyo haimlazimishi tena mtu awe Mumbai, New York au Chicago. Anayetaka kuingia anahitaji simu, kitambulisho na njia ya kutuma fedha. Vijana wetu huonyeshwa kila siku picha za watu wanaodai kuwa wamezidisha mtaji wao mara tatu kwa wiki moja kwa kununua opsheni za hisa za kampuni za Marekani.

Na fedha zinazotafutwa ni zile zile za pembejeo, za ada ya shule na za kuongeza bidhaa dukani.

Ni vizuri basi mkulima na mfanyabiashara mdogo aelewe opsheni ni kitu gani, imetoka wapi, inamfaa nani na inamuumiza nani. Si jambo gumu kama linavyofanywa lionekane. Wakulima na wachuuzi wanazifahamu biashara zinazofanana nayo tangu zamani.

Opsheni ni nini hasa?

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa mpunga anayemwendea mkulima. Leo gunia linauzwa Sh 100,000. Mfanyabiashara anahisi kuwa bei itapanda baada ya miezi miwili, lakini hana uhakika na hataki kufunga fedha zake zote.

Anamwambia mkulima: "Nakulipa Sh 200,000 leo. Kwa malipo hayo, nina haki ya kununua kwako magunia 100 kwa Sh 100,000 kila moja, wakati wowote ndani ya miezi miwili. Nikitaka nitanunua, nisipotaka sitanunua. Hizo laki mbili ni zako kwa vyovyote vile."

Hiyo ni opsheni. Mfanyabiashara amenunua haki, hakununua mpunga.

Bei ikipanda hadi Sh 120,000, ataitumia haki yake. Atapata faida ya Sh 20,000 kwa kila gunia, yaani Sh milioni mbili, na akitoa ile ada ya laki mbili atabaki na Sh 1,800,000.

Bei ikishuka hadi Sh 80,000, atanyamaza. Amepoteza laki mbili basi. Mkulima naye anabaki na mpunga wake pamoja na laki mbili.

Hapa ni muhimu kutofautisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya.

Kwanza, opsheni si arabuni. Arabuni huhesabiwa kuwa sehemu ya bei mnunuzi anapomaliza kulipa. Ada ya opsheni haihesabiwi. Ni malipo ya haki yenyewe.

Pili, opsheni si butura. Wakulima wa kahawa wa Kagera wanaijua butura vizuri: kahawa inauzwa ikiwa bado mtini, pengine ikiwa maua tu, kwa bei ya kutupa kwa sababu mkulima ana shida ya fedha. Katika butura mkulima amefungwa. Bei ikipanda, mali si yake tena.

Tatu, opsheni si mkataba wa bei ya baadaye. Katika mkataba huo pande zote mbili zimefungwa kununua na kuuza siku fulani kwa bei fulani. Katika opsheni anayefungwa ni mmoja tu, yaani yule aliyeiuza na kupokea ada. Aliyeinunua yuko huru.

Tofauti hii ya tatu ndiyo kiini cha biashara yote.

Koli na puti

Opsheni ziko za aina mbili. Ya kwanza ni haki ya kununua, ambayo wafanyabiashara wa masoko ya hisa huiita koli. Ndiyo ile ya mfanyabiashara wa mpunga. Anayenunua koli anatarajia bei ipande.

Ya pili ni haki ya kuuza, ambayo huitwa puti. Anayenunua puti analipa ada ili awe na haki ya kuuza kitu kwa bei iliyokubaliwa, hata kama bei ya soko itaanguka. Huyu anaogopa, au anatarajia, bei ishuke.

Kila opsheni, iwe koli au puti, ina mambo manne ambayo anayeanza lazima ayaangalie: ni ya hisa za kampuni gani, bei ya makubaliano ni kiasi gani, siku ya mwisho ni ipi, na ada yake ni kiasi gani. Asiyeweza kuyataja yote manne bila kusoma kwenye simu hajajua alichonunua.

Biashara ya zamani

Wazo lenyewe lina zaidi ya miaka 2,000. Mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, Aristotle, anasimulia habari za Thales wa mji wa Miletus. Thales alikadiria kuwa mavuno ya zeituni yatakuwa makubwa. Wakati wa baridi, ambapo hakuna aliyekuwa akihitaji mashine za kukamua mafuta, alilipa fedha kidogo kuzishika mashine zote za Miletus na Chios. Msimu ulipofika na zeituni kuwa nyingi, kila mkulima alimwendea yeye, naye akazikodisha kwa bei aliyotaka.

Mkamuaji wa alizeti wa Singida ataielewa habari hiyo bila kufafanuliwa. Thales hakununua mashine. Alinunua haki ya kuzitumia. Zeituni zisingezaa, angepoteza fedha kidogo tu alizotanguliza.

Biashara ya opsheni za hisa kama inavyofahamika leo ilianza Chicago, Marekani, Aprili 26, 1973, soko la opsheni la mji huo lilipofunguliwa. Siku hiyo zilikuwepo koli za hisa za kampuni 16 tu. Puti ziliongezwa mwaka 1977.

Kabla ya hapo opsheni zilikuwepo, lakini kila mkataba ulikuwa wa maelewano ya watu wawili, na kila mmoja alilazimika kumwamini mwenzake. Soko lilileta mikataba inayofanana, kila mmoja ukiwa wa hisa 100, pamoja na asasi ya kudhamini malipo. Aliyenunua hakuwa tena na haja ya kujua aliyemuuzia ni nani.

Mwaka huo huo wa 1973, Fischer Black na Myron Scholes walichapisha kanuni ya hesabu ya kukadiria bei ya opsheni. Robert Merton aliiendeleza, na mwaka 1997 yeye na Scholes walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Black alikuwa amekwishafariki mwaka 1995.

Tangu hapo biashara imekua kupita kiasi. Mwaka 2024 mikataba zaidi ya bilioni 12 ya opsheni ilinunuliwa na kuuzwa nchini Marekani pekee.

Hesabu za anayeanza

Tuchukue mfano wa kufikirika. Hisa ya kampuni fulani inauzwa dola 50. Juma anaamini itapanda. Ana njia mbili.

Njia ya kwanza ni kununua hisa 100 kwa dola 5,000. Njia ya pili ni kununua koli moja ya hisa hizo hizo, yenye bei ya makubaliano ya dola 55 na muda wa miezi miwili, kwa ada ya dola mbili kwa kila hisa. Kwa kuwa mkataba ni wa hisa 100, atalipa dola 200.

Njia ya pili inavutia. Badala ya dola 5,000 ni dola 200 tu. Hisa ikifika dola 60 siku ya mwisho, koli yake ina thamani ya dola tano kwa kila hisa, yaani dola 500. Akitoa ada anabaki na faida ya dola 300. Amepata asilimia 150 ya alichoweka, wakati mwenye hisa amepata asilimia 20.

Hapo ndipo wanaotangaza biashara hii kwenye simu huishia. Hesabu haijaisha.

Tuseme hisa imepanda, lakini imefika dola 54 tu. Juma alisema itapanda, na kweli imepanda kwa asilimia nane. Aliyenunua hisa ana faida ya dola 400. Juma hana kitu. Hakuna atakayetaka haki ya kununua kwa dola 55 kitu kinachouzwa sokoni kwa dola 54. Dola 200 zote zimekwenda.

Hata hisa ikifika dola 56, Juma bado ana hasara ya dola 100, kwa kuwa ili arudishe fedha zake lazima hisa ifike dola 57.

Kwa maneno mengine, mwenye hisa anatakiwa apatie jambo moja: kwamba bei itapanda. Mwenye koli anatakiwa apatie matatu: kwamba itapanda, itapanda kiasi gani, na itapanda kabla ya siku gani. Akikosea moja, amekosa yote.

Mahindi ghalani na nyanya kwenye tenga

Hisa ni kama mahindi yaliyokaushwa vizuri na kuwekwa ghalani. Bei ikiwa mbaya leo, mwenyewe anaweza kusubiri mwezi ujao au mwaka ujao, na huenda kampuni ikampa gawio wakati anasubiri.

Opsheni ni kama nyanya kwenye tenga. Kila siku inayopita inapunguza thamani yake, hata kama bei ya sokoni haijasogea. Na karibu na siku ya mwisho, thamani hiyo huporomoka haraka zaidi, kama nyanya zilizoanza kulainika.

Sababu yake ni kwamba ada ya opsheni ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni thamani halisi, yaani faida ambayo mtu angepata kama angetumia haki yake leo. Sehemu ya pili ni thamani ya muda, yaani malipo ya matumaini kwamba jambo linaweza kutokea kabla ya siku ya mwisho. Siku zikiisha, matumaini yanaisha.

Koli ya Juma ilikuwa ya matumaini matupu. Hisa ilikuwa dola 50 na bei ya makubaliano dola 55. Thamani halisi ilikuwa sifuri. Dola zote 200 zilikuwa malipo ya muda.

Jambo jingine linalopandisha na kushusha ada ni mtikisiko wa bei. Hisa inayoyumba sana ina opsheni ghali, kwa sababu yoyote yanaweza kutokea. Ndiyo maana ada hupanda siku chache kabla kampuni haijatangaza hesabu zake, na huanguka mara tu baada ya tangazo. Wapo wanaonunua koli kabla ya tangazo, hisa ikapanda kidogo kama walivyotarajia, na bado wakapata hasara kwa sababu ada imeanguka kuliko hisa ilivyopanda.

Anayeanza ajue pia kwamba si lazima asubiri siku ya mwisho. Anaweza kuiuza opsheni yake kwa mtu mwingine wakati wowote soko likiwa wazi, na wengi hufanya hivyo. Lakini akiiacha mpaka mwisho ikiwa na thamani, nchini Marekani haki hutumika yenyewe bila kuulizwa, na dalali atamtaka alipe fedha za hisa 100. Aliyeingia na dola 200 anaweza kujikuta anadaiwa dola 5,500 za kununulia hisa.

Aliyeuza yuko wapi?

Katika kila opsheni iliyonunuliwa kuna aliyeiuza. Huyu amepokea ada, na amefungwa.

Wapo wanaowaambia wanaoanza kwamba, kwa kuwa opsheni nyingi huisha bila thamani, basi ni bora kuwa muuzaji na kukusanya ada kila wiki. Maneno hayo yana ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayofilisi watu.

Mnunuzi wa opsheni hawezi kupoteza zaidi ya ada aliyolipa. Muuzaji wa koli asiye na hisa mkononi hana kikomo cha hasara. Katika mfano wetu, aliyemuuzia Juma alipokea dola 200. Hisa ikiruka hadi dola 100, atalazimika kununua kwa dola 100 na kutoa kwa dola 55. Hasara yake ni dola 4,500, ukitoa dola 200 alizopokea.

Mambo ya namna hiyo hutokea. Mwishoni mwa mwaka 2020 hisa ya GameStop, kampuni ya Marekani yenye maduka ya michezo ya kompyuta, ilikuwa chini ya dola 20. Januari 27, 2021 ilifunga soko ikiwa zaidi ya dola 347, baada ya maelfu ya wawekezaji wadogo kununua hisa na koli zake kwa pamoja. Februari 19 ilikuwa imerudi hadi karibu dola 40.

Waliouza koli bila kuwa na hisa mwanzoni mwa Januari waliumia vibaya. Walionunua koli mwishoni mwa mwezi huo, wakiwa wamesikia habari za waliotajirika, waliumia vilevile.

Wala elimu peke yake haitoshi kumkinga mtu. Merton na Scholes, wale wa Tuzo ya Nobel, walikuwa washirika katika mfuko wa uwekezaji ulioitwa LTCM. Septemba 1998, mwaka mmoja tu baada ya tuzo, mfuko huo ulikuwa ukianguka, na taasisi 14 za fedha zikalazimika kuingiza dola bilioni 3.6 ili usiburuze masoko mengine.

Kazi yake halali

Pamoja na hayo yote, itakuwa makosa kusema opsheni ni kamari na kufunga mjadala. Opsheni ina kazi halali, na kazi hiyo ni bima.

Mtu mwenye hisa 100 zilizonunuliwa kwa dola 50, anayeogopa bei kuanguka lakini hataki kuziuza, anaweza kununua puti yenye bei ya makubaliano ya dola 45. Hisa ikianguka hadi dola 20, bado ana haki ya kuziuza kwa dola 45. Isipoanguka, amepoteza ada tu, kama mwenye gari aliyelipa bima na mwaka ukaisha bila ajali. Hakuna anayesikitika kwa sababu gari lake halikugongwa.

Wakulima wa ukanda wetu wamewahi kunufaika na wazo hilo hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ya kahawa duniani ilianguka vibaya. Chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kilikuwa na tatizo linalofahamika na kila mwanaushirika: kinamlipa mkulima malipo ya awali, kisha bei inaporomoka kabla kahawa haijauzwa, na hasara inabaki kwa ushirika. Kwa msaada wa kitaalamu wa Benki ya Dunia, KNCU ilinunua puti za kahawa ili bei ikishuka chini ya kiwango fulani, ilipwe tofauti.

Mwaka 2005 Malawi ilikabiliwa na upungufu mkubwa wa chakula. Serikali yake, kwa msaada wa Uingereza na Benki ya Dunia, ilinunua kutoka Standard Bank ya Afrika Kusini haki ya kununua hadi tani 60,000 za mahindi kwa bei isiyozidi kikomo kilichokubaliwa. Hiyo ilikuwa koli. Bei ilipanda, Malawi ikaitumia haki yake, na mahindi yakapatikana kwa bei nafuu kuliko ya soko.

Angalia kinachofanana katika mifano hiyo. KNCU ilikuwa na kahawa. Malawi ilikuwa na watu wa kulisha. Mwenye hisa alikuwa na hisa. Kila mmoja alikuwa na kitu cha kukinga, na alilipa ada akijua kuwa huenda isirudi.

Sasa mlinganishe na kijana anayenunua koli ya hisa za kampuni ya Marekani kwa fedha za mbolea. Hana hisa hizo. Bei ikipanda au ikishuka, shamba lake halibadiliki. Hana anachokikinga. Mkataba ni ule ule, lakini kwa mwenye mali ni bima, na kwa asiye na mali ni tiketi ya bahati nasibu.

Ndivyo wale wananchi 93 kati ya 100 wa India walivyoumia. Wengi walikuwa wakinunua na kuuza opsheni zenye muda wa siku chache tu, wakitarajia bei iruke kabla ya siku ya mwisho. SEBI ilichukua hatua mwishoni mwa mwaka 2024: ilipandisha kiwango cha chini cha thamani ya mkataba hadi rupia laki 15, na kupunguza idadi ya opsheni za wiki ambazo soko linaruhusiwa kuendesha.

Hali ya hapa kwetu

Soko la Hisa la Dar es Salaam, DSE, lilianza biashara Aprili 1998 kwa hisa za TOL, na linafahamika kwa hisa na hati fungani. Nairobi imekwenda hatua moja zaidi. Julai 2019 soko lake lilifungua sehemu ya mikataba ya bei za baadaye kwa baadhi ya hisa zinazouzwa sana. Hiyo, kama tulivyoeleza, si opsheni, kwa kuwa pande zote mbili zimefungwa.

Kwa hiyo kijana wa Mwanza au Eldoret anayesema anafanya biashara ya opsheni, mara nyingi anafanya kupitia dalali aliye nje ya nchi. Hapo inakuja hatari nyingine, mbali na ile ya bei: je, dalali huyo yupo kweli?

Kuna kitu kinachouzwa kwa jina la opsheni ambacho si opsheni tuliyoieleza. Mtu anaambiwa abashiri kama bei itapanda au itashuka ndani ya dakika tano. Akipatia analipwa kiasi kilichopangwa, akikosea anapoteza alichoweka. Hakuna hisa, hakuna haki ya kununua wala kuuza, na mara nyingi anayelipa ni kampuni ile ile inayofaidika mteja akikosa. Israel iliipiga marufuku biashara hiyo mwaka 2017. Umoja wa Ulaya ulizuia kuuzwa kwa wananchi wa kawaida Julai 2018, na Uingereza ikafuata kwa marufuku ya kudumu mwaka 2019. Zilipofungiwa huko, kampuni za aina hiyo zilihitaji wateja kwingine.

Watanzania wanaikumbuka DECI, mpango wa kupanda na kuvuna fedha ambao Serikali iliusimamisha mwaka 2009. Lugha ya siku hizi imebadilika, na badala ya mbegu watu wanaambiwa habari za soko la Marekani. Lakini ukiona mtu anaahidi faida ya uhakika kila wiki, na anakupa kamisheni ukimleta mwenzako, huyo hauzi opsheni ya aina yoyote.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kutuma fedha

Kwa anayetaka kuendelea baada ya kusoma haya, yapo maswali machache ambayo yatamsaidia.

Je, dalali huyu ana leseni, na imetolewa na nani? Kwa Tanzania uliza CMSA, kwa Kenya uliza CMA. Kama ni wa nje, tafuta jina lake katika orodha ya mamlaka ya nchi anayodai ametoka, na si katika karatasi anayokuonyesha yeye.

Je, nina kitu cha kukinga? Kama huna hisa, opsheni haikukingi na chochote. Afadhali uanze na hisa zenyewe, ujifunze kusoma hesabu za kampuni na kupokea gawio.

Je, nanunua au nauza? Anayeanza asiuze opsheni ambayo hana mali ya kuitimizia. Hakuna ada inayolipa hatari hiyo.

Je, hisa lazima ifike bei gani ili nirudishe fedha yangu, na imebaki siku ngapi? Andika majibu kwenye daftari kabla ya kununua. Wengi wakishaandika, hughairi.

Je, fedha hii ikipotea yote, msimu utaendelea? Kama ni ya mbegu, ya mbolea, ya vibarua au ya mzigo wa duka, jibu linajulikana.

Anayetaka kujifunza bila hasara anaweza kuchagua hisa moja, aandike ada ya koli na ya puti ya mwezi ujao, kisha aangalie kila Ijumaa nini kimetokea, bila kuweka hata senti. Miezi mitatu ya mazoezi hayo itamfundisha zaidi ya semina nyingi za kulipia.

Na kama opsheni zina faida kwa mkulima wa nchi hizi, mahali pake si kwenye simu ya kijana mmoja mmoja usiku. Mahali pake ni kwenye vyama vikuu vya ushirika, kwenye benki zinazokopesha kwa dhamana ya mazao na kwenye hazina za serikali zinazonunua chakula. Hao ndio wenye tani za kukinga, wenye uwezo wa kulipa ada na wenye watu wa kusoma mikataba. KNCU na Malawi zilionyesha kuwa inawezekana.

Mkulima anayehudhuria mkutano mkuu wa ushirika wake ana haki ya kuuliza: bei ikianguka baada ya malipo ya awali, tumejikinga vipi? Swali hilo lina faida kwake kuliko koli yoyote ya New York.